Chupa zilizofunguliwa jikoni

Bukavu, Jumamosi, mwezi wa kumi na moja

Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa saba, halafu jua likatoka kama mtu aliyechelewa misa. Viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa tope la Bagira. Moyo wangu umetulia, tena kwa kiasi cha kunishangaza. Umeme upo. Naandika kabla haujakatika.

Leo Mama amekunywa sucré iliyofunguliwa jikoni.

Msomaji wa Bukavu ameshaelewa kwamba hilo si jambo dogo. Kwa wengine nieleze. Hapa kwetu soda, ambayo sisi tunaiita sucré, inaletwa mbele ya mgeni ikiwa imefungwa, pamoja na kifungulio, na inafunguliwa huku mgeni anaangalia. Sababu yake ni karuho, sumu ya polepole ambayo watu wanaamini hutiwa kwenye chakula au kinywaji na mtu wa karibu, nawe ukaanza kukonda na kuwa manjano mpaka unakwisha. Simcheki mtu kwa imani hiyo. Nafundisha biolojia sekondari, na bado sipendi kunywa chupa ambayo sikuisikia ikifunguliwa.

Mwezi wa saba mdogo wangu Murhula alirudi kutoka Mwenga, anakotengeneza jenereta za wachimba dhahabu. Aliugua malaria kule, na muuza dawa wa kijijini akampa vidonge ambavyo aliendelea kuvimeza hata baada ya kufika nyumbani, kwa sababu Murhula hapendi kuacha kitu nusu. Jumapili iliyofuata tulialikwa Bagira kwa Nsimire, mchumba wake, ili Mama amzoee kabla ya kupeleka ng'ombe wa mahari. Tulikula bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na chakula kilikuwa kizuri. Nsimire alikuwa na haraka na woga wa kumpokea mama mkwe. Akafungua chupa zote jikoni, akazileta kwenye sinia zikiwa wazi, povu likipanda.

Hilo ndilo kosa lake lote.

Murhula alimaliza yake. Mama aliiacha yake mezani, akasema ana kiungulia. Mimi nilikunywa nusu, kwa adabu.

Siku mbili baadaye Murhula alikojoa mkojo wa rangi ya koka, ile sucré nyeusi. Kisha weupe wa macho yake ukawa manjano. Kisha akashindwa kupanda ngazi za kutoka barabarani hadi kwetu Kadutu, ngazi alizozipanda akikimbia tangu utoto. Mama alimshika kidevu, akamwangalia machoni kwa muda mrefu.

"Balimulisha," alisema, yaani wamemlisha karuho. "Njo ile ile ilikulaka Déo."

Déo, ambaye Mama anasema aliliwa na sumu ile ile, alikuwa kaka yake. Alikufa Nyangezi akiwa bado kijana, macho ya manjano, mkojo mweusi, na kilio kilikuwa hakijaisha familia ilipomfukuza mke wake, ikisema ndiye aliyemlisha. Nimekua nikiisikia hadithi hiyo jikoni kwetu. Kwa hiyo Mama hakuwa anabuni kitu. Alikuwa anakumbuka.

Watu wa nyumbani walimpeleka kwanza Nyangezi, kwa mzee anayewatapisha watu sumu. Murhula akatapika. Kwenye beseni kukaonekana kitu kama kipande cha nyama, na mzee akasema alilishwa na mwanamke wa karibu. Nilikuwa shuleni na sikuona beseni hilo. Familia nzima inaniambia nimekosa kuona.

Nikiri kitu. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilichukua kioo, nikavuta kope la chini, nikakagua macho yangu mwenyewe. Kwa sababu nami nilikunywa nusu. Diploma yangu ya chuo inaning'inia kwenye ukuta wa nyuma, na niliiona kwenye kioo hicho hicho.

Hospitalini walikuta damu imepungua sana. Aliongezewa, na damu hiyo ilikuwa yangu, maana makundi yetu yanalingana. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alimuuliza amemeza dawa gani hivi karibuni. Murhula akatoa mfukoni vidonge vya Mwenga vilivyobaki. Daktari akavigeuza mkononi, akauliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuwa hivi. Nikamwambia habari za Déo, nikashangaa kwamba alikuwa anaandika.

Nitaeleza sasa kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, ila nikipunguza Kifaransa.

Chembe nyekundu ya damu inazaliwa ndani ya mfupa, kwenye uboho wa kifua, wa mbavu, wa nyonga, wa uti wa mgongo. Figo ndizo zinazoagiza. Zikihisi oksijeni imepungua zinatuma homoni, na uboho unaongeza kazi. Mwanzoni chembe ni kubwa, ina kiini kama chembe nyingine za mwili, na inagawanyika. Kisha inaanza kujijaza hemoglobini, protini yenye chuma inayobeba oksijeni. Kadiri inavyojaa ndivyo kiini kinavyosinyaa, na mwishowe inakitema kabisa. Chembe mlaji iliyo jirani inakimeza. Kinachobaki ni chembe changa, yenye mabaki kidogo ya mitambo yake ya zamani; inaingia kwenye mishipa, na baada ya siku moja mbili inakuwa kisahani laini kilichobonyea katikati.

Hapo kila mwaka huwa nanyamaza kidogo mbele ya ubao, na wanafunzi wanadhani nimesahau somo. Kwa kutema kiini, chembe inapata nafasi ya kubeba zaidi, lakini inapoteza uwezo wa kujitengeneza. Vile vimeng'enya ilivyo navyo, yaani protini zinazofanya kazi na kuilinda, ndivyo itakavyotumia mpaka mwisho wake. Haiwezi kuongeza hata kimoja. Inaishi karibu miezi minne, ikizunguka na kuchakaa.

Mwisho wake mara nyingi uko kwenye wengu, yaani bandama. Njia za wengu ni nyembamba, na chembe iliyozeeka na kukakamaa haipiti vizuri. Chembe walaji zinaikamata na kuivunja. Hapa Kadutu mtu akibomoa nyumba, mabati yanapelekwa kwenye nyumba nyingine, misumari inanyooshwa kwa nyundo, na mbao mbovu zinapikia maharage. Na huku ndani ni vivyo hivyo. Chuma kinarudishwa kwenye uboho kutengenezea chembe mpya. Protini inakatwa vipande vinavyotumika tena. Kinachobaki ni rangi, kwanza kijani, halafu manjano. Ini linaipokea, linaitia kwenye nyongo, na inatoka na choo. Aliyewahi kujigonga goti ameiona safari hiyo chini ya ngozi yake mwenyewe.

Kwa hiyo manjano ile sote tunaitengeneza, kila siku, bila kulishwa na mtu. Ikionekana machoni, ama ini ni gonjwa, ama chembe zimekufa nyingi kwa mara moja kuliko ini linavyoweza kupokea. Ini la Murhula lilikuwa zima. Daktari alihisi kwamba alizaliwa na kimeng'enya dhaifu, kile kinachozuia chembe isiharibiwe na dawa za aina fulani. Siku zote hakimsumbui. Vidonge vya Mwenga vilipoingia, chembe zake za zamani, ambazo kimeng'enya chake kilikuwa kimeshachakaa, zikapasuka kwa wingi. Mkojo wa koka ulikuwa hemoglobini.

Nilielewa yote haya nikiwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, na nilifurahi. Nasema ukweli. Mdogo wangu alikuwa amelala hana nguvu ya kushika kikombe, na mimi nilifurahi kwa sababu jambo lilikuwa na maelezo.

Daktari alisema tungoje miezi michache ndipo tupime kimeng'enya hicho. Mimi sikutaka kungoja. Jina la Nsimire lilikuwa limeshafika sokoni. Wanawake waliokuwa wananunua unga kwake walianza kupita meza yake na kununua kwa jirani. Nikamsumbua daktari mpaka akakubali. Jibu likatoka baada ya siku chache, nami nikalisoma kwa sauti mbele ya familia kabla sijalielewa vizuri.

Kawaida. Kimeng'enya kipo.

"Weye na biologie yako," Mama alisema, tena bila hasira. "Hata machine inasema mutoto hana kitu mu damu. Sasa ni nani alimugonjesha?"

Nilirudi kwa daktari nikiwa nimekasirika kama mtu aliyeuziwa mzigo mbovu. Akanieleza kwa upole. Chembe za zamani zilikuwa zimekufa. Uboho wa Murhula ulikuwa umemwaga chembe changa, na changa bado zina kimeng'enya cha kutosha. Juu ya hayo, mishipani mwake kulikuwa na damu niliyompa mimi.

"Tulipima batoto, na tulikupima weye," alisema.

Basi Nsimire alikuwa ameharibiwa jina mara ya pili, safari hii na mimi, kwa mhuri wa maabara. Mazungumzo ya ng'ombe yakakoma. Murhula alipona, akaongezeka uzito, akawa anaenda Bagira mara moja moja na kurudi. Hakusema anamwamini Nsimire, wala hakusema hamwamini. Mama hakumkataza kwenda. Alimwambia tu asile huko.

Tukangoja. Sikuwahi kungoja kitu cha namna hiyo, uzee wa vitu visivyoonekana. Nilikuwa nasahihisha mitihani huku nikiwaza kwamba chembe zangu zinakwisha ndani ya wengu wa mdogo wangu, na zake zinakua, zinachakaa, zinakaribia umri wa kusema ukweli. Chuma changu nadhani bado kimo. Kimehamia kwenye chembe alizotengeneza mwenyewe, na hakuna mtu atakayekitenganisha tena.

Alhamisi hii jibu la pili limetoka. Kimeng'enya kiko chini sana.

Nilidhani nitakimbia nyumbani na habari hiyo. Badala yake nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka mlinzi akaniuliza kama nina mgonjwa. Kuna sehemu ya somo ambayo nilikuwa nimeiruka kichwani kwa miezi yote hiyo. Kasoro hii inakaa kwenye kromosomu ambayo mtoto wa kiume anaipata kwa mama yake tu. Mama ana nakala mbili, na iliyo nzuri inamkinga, kwa hiyo anaweza kuishi maisha yake yote asijue. Mtoto wa kiume ana moja. Akipewa ile mbovu, ndiyo hiyo hiyo. Huenda nami, binti yake, ninaibeba, na siku moja nitajua kwa watoto wangu.

Kumsafisha Nsimire maana yake ilikuwa kumwambia Mama kwamba kile alichokuwa anakitafuta Bagira kilitoka kwake.

Ningeweza kusema ni dawa tu, basi. Lakini Mama si mjinga. Angeuliza mbona wenzake Murhula wa Mwenga wanameza dawa zile zile na wanaamka asubuhi wakiwa wazima.

Jana alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikamweleza polepole, bila neno la shule. Nilimwambia ni kitu cha kurithi, na yeye pia alikirithi, na bibi pengine alikirithi, na hakuna aliyekosea. Vidole vyake viliendelea kuchambua. Jiwe huku, haragwe kule.

"Na Déo?" aliuliza.

"Déo pia, naona. Mulitoka ku tumbo moja. Balimupa dawa?"

"Balimupa vidonge vya malaria. Vingi." Akaokota jiwe. "Nilikuwa namumezesha mimi."

Nilimwambia siwezi kuhakikisha, Déo hakupimwa na mtu. Ilikuwa kweli, lakini haikumsaidia chochote.

"Na muke yake?"

 Mke wa Déo alikufa miaka kadhaa iliyopita huko Kavumu. Alikuwa anauza ndizi kando ya barabara, karibu na uwanja wa ndege, na kila mtu wa ukoo wetu alijua meza yake ilipo ili asinunue hapo.

"Nilikuwa napita pale mu taxi," Mama alisema. "Alikuwa ananisalimia."

Akamwaga maharage kwenye sufuria, mawe na yote, akaingia chumbani. Nilimhurumia. Kisha nikayatoa maharage, nikayachambua upya, kwa sababu ilibidi tule.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, alitoka amevaa kitenge chake cha misa na viatu vya misa. Akasema tunaenda Bagira. Nikasema tungoje mvua ipungue. Akasema tumengoja vya kutosha.

Nsimire alikuwa peke yake nyumbani. Alitukaribisha kwa heshima ile ambayo haina joto ndani yake, akatufutia viti, akaenda jikoni. Akarudi na sinia. Juu yake chupa mbili zimefungwa, glasi mbili zimepinduliwa, na kifungulio katikati. Akaiweka mbele ya Mama, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama na mikono yake mahali tunapoiona. Niliona haya. Miezi minne ilikuwa imemfundisha msichana yule kusimama hivyo ndani ya nyumba yao.

Mama akachukua kifungulio, akakirudisha kwenye sinia, akaisukuma.

"Rudisha hii. Ukafungulie ku jikoni."

Nsimire akaniangalia mimi. "Hapana, Maman. Mufungue weye mwenyewe."

"Ku jikoni, mutoto wangu. Niko na kiu."

Akaenda. Tukasikia vizibo viwili, kimoja baada ya kingine. Akarudi na chupa zikiwa wazi. Mama hata hapendi vitu vya sukari. Aliishika chupa kwa mikono miwili, hakutaka glasi, akanywa bila kupumzika mpaka machozi ya gesi yakamtoka, au nasema yalikuwa ya gesi. Akaiweka chini ikiwa tupu.

"Ile ugonjwa ilitoka kwangu," alisema. "Haikutoka hapa. Ilitoka ku damu yangu, na sikujua. Nitaenda kusema ile kwa kila mutu nilimuambia ile ingine."

Mimi nilikunywa yangu yote. Hakuna aliyenitazama.

Nsimire aliketi. Alilia kidogo, akajifuta kwa mgongo wa mkono, na alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Asante, Maman. Weye nilikuwa najua unaogopa, ulionaka ndugu yako. Lakini Murhula alikuwa anakuja hapa na chupa yake ya maji mu sac. Kila mara. Alikuwa anaenda kunywa inje, anazani sioni."

Mama hakujua. Mimi nilikuwa nikiiona chupa hiyo mkobani mwake kila mara alipotoka, na nilijiambia ni mambo ya mtu aliyetoka kuugua.

"Mumuambie akuje," Nsimire alisema. "Lakini akuje mikono mitupu."

Tulirudi kwa miguu kipande kirefu, na Mama hakulalamikia tope. Tulipofika kwa jirani yetu, mke wa mchungaji wa kanisa jingine, ambaye ndiye wa kwanza aliyeambiwa habari za karuho, Mama aligonga mlango na kuingia, akaniacha nje. Nilisikia sauti yake tu, ya chini, ikieleza mambo ya damu vibaya kabisa, wengu na ini vimechanganyika, lakini jina la Nsimire lilikuwa mahali pake.

Nimempa Murhula ujumbe kama ulivyo. Alikuwa anakaza skrubu ya rafu, akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa. Baadaye akasema kesho ataenda Bagira baada ya misa. 

Chupa yake ya maji iko hapa mezani karibu na kompyuta. Imejaa mpaka juu, na sijui aliijaza kabla ya maneno yangu au baada yake. Kesho yeye atatoka kwanza, kama kawaida, na mimi nitaingia hapa kuchukua biblia yangu. Nitaangalia meza kabla ya kitu kingine chochote, kuona kama chupa imebaki.